Mlango wa Kushoto

Alikufa kitambo, jamani! Tangu mlango wa kwanza! Na sisi saluni nzima tulikuwa tunamshangilia tu!

Ngoja nianze vizuri. Msusi wangu na fundi simu walikutana stendi, kwa muuza vitabu vya mtumba, kila mmoja kashika upande wake wa kitabu kilekile. Ni kile cha mchezo: unasoma, unachagua njia, unarusha dadu, unafungua ukurasa unaoambiwa. Fundi shati la bluu, pasi imenyooka. Msusi gauni la njano, chanuo kalisahau kichwani.

"Dada, achia."

"Achia wewe, kaka."

Wakakubaliana fundi akae nacho, amsomee kwa simu, msusi achague. Basi kila mchana simu inaita, msusi anaweka spika, vidole havitoki kwenye nywele za mtu.

"Malkia, kuna milango miwili."

"Kushoto, mpenzi."

"Umepita! Mbele kuna joka, lina mafua."

Tunacheka hoi.

Leo, mimi nikiwa kwenye kiti, mteja mmoja kaingia na kitabu hichohicho. Msusi akafungua penye ile milango. Kushoto: shimo. Umekufa. Mwisho. Joka hamna kitabu kizima!

Akapiga simu palepale. "Kumbe unanitungia tu? Mimi mtoto wa kubembelezwa?" Akakata. Msuko uliofuata alinivuta nikaona nyota.

Fundi alikuja mbio, kitabu mkononi, shati limelowa jasho.

"Ungekufa siku ile ya kwanza, ningekupigia kwa sababu gani tena?"

Hata draya ilizimwa.

"Nisomee kifo changu," msusi alisema. "Usiruke hata neno."

Akasoma. Shimo, giza, mwisho. Msusi akasikiliza mpaka nukta.

"Haya, joka langu je?"

Fundi akafunga kitabu. "Joka linauliza: utaolewa na fundi simu? Ukikubali, kulia. Ukikataa, kushoto."

"Na nikienda kushoto?"

"Safari hii sikudanganyi. Ndiyo mwisho."

"Kulia! Kulia!" tukapiga kelele.

"Nyamazeni, anayechagua ni mimi." Akachomoa dadu mfukoni mwa fundi, akairusha mezani katikati ya mafuta ya nywele, wala hakuitazama.

"Kulia."

Nimetoka na kichwa nusu, nimejifunga kitambaa. Kesho narudi kumaliziwa, na joka likisema lolote kuhusu wakwe, mtalisikia kwangu.