Mishi, Nazi na Sufi

Kaeni. Msisukumane. Hadithi iko mlangoni, haya, tuifungulie!

Mishi ana miaka saba. Hana mto wake. Kila usiku analalia mto mmoja na mdogo wake, Mbwana.

Mbwana anavuta mto. Mbwana anatoa udenda. "Ebo! Udenda mpaka sikioni!" Mishi hulalamika.

Siku moja mama alimwambia, "Nenda kwa bibi ukalete sufi ya kujazia mto. Ukirudi kabla ya jua kuzama, leo leo nakushonea wako."

Wako! Mishi alitoka mbio.

Bibi akampa sufi, nyeupe, laini. Akampa na nazi za kupikia. Akampa na punda wa kubebea, jina lake Sijali.

Mgongoni mwa Sijali kulikuwa na shogi. Shogi lina mifuko miwili, mmoja kushoto, mmoja kulia.

Mishi akajaza nazi kushoto. Akajaza sufi kulia. "Huku kumejaa! Huku kumejaa! Haya, twende!"

Ko-ko, ko-ko, ko-ko. Mara shogi likateleza upande wa nazi.

Serereee... puu! Nazi chini. Sufi chini. Sijali akasimama, akatafuna majani.

"We Sijali! Umefanya nini?" Masikini, Sijali hakufanya kitu.

Mishi akarudisha shogi. Akaokota nazi, moja moja. "Labda sufi ni kidogo," akasema.

Akaitifua sufi. Fu! Fu! Fu! Ikavimba, ikavimba, ikapita nazi. Nyingine ikamwingia puani. Chya!

"Huku kumejaa! Huku kumejaa mpaka kumezidi! Haya, twende!"

Ko-ko, ko-ko... Serereee... puu!

"Aka! Sitaki! Nimechoka mimi!" Mishi akaketi chini, akalia kwa hasira. Jua lilikuwa linashuka. Mto wake nao ulikuwa umetapakaa njiani.

Akaokota nazi aitupe kule. Uff! Nzito! Mkono wa pili ulikuwa umejaa sufi. Huo haukuchoka hata kidogo.

Mishi akafuta machozi. Nazi mkono huu. Sufi mkono huu. Akapima tena.

"Kumbe! Sufi inajaza mfuko, lakini haina uzito. Nazi ndizo zinazovuta! Mbona hukuniambia, Sijali?"

Akaanza upya. Nazi moja huku, nazi moja huku. Nazi moja huku, nazi moja huku. Kisha sufi juu, huku na huku.

Akalitikisa shogi. Likatulia tuli.

Sijali akarusha teke hewani. "Ndiyo asante yako hiyo?" Mishi akasema. "Haya, twende!"

Ko-ko, ko-ko, ko-ko, mpaka nyumbani. Jua lilikuwa bado linachungulia.

Mama akajaza sufi. Akashona, tiku, tiku, tiku. Mto huo! Mnene, na mwepesi.

Usiku Mishi akajilaza. Aaah! Mto wote wake.

Kidogo tu, kichwa kingine kikaja. "Mbwana! Mto wako ule pale!"

"Najua," Mbwana akasema. "Lakini pale wewe hupo."

Lo, mtoto huyu! Mishi akashusha pumzi. Akasogea.

"Haya, njoo. Lakini nusu ni yangu."

Mbwana alikuwa ameshalala.