Hesabu Malori Kabla ya Kuuza Nyati

Asubuhi ile Dulo, mume wangu, alimwogesha nyati wetu Ningning mara mbili. Nikajua kuna jambo. Nyati wa kulimia haogeshwi mara mbili asubuhi moja, labda awe anapelekwa kuuzwa.

"Dulo," nikamwita, "Ningning anaolewa?"

"Felisa, usianze."

"Sijaanza. Nauliza tu."

Akakaa kwenye benchi la mianzi, akanieleza. Mnunuzi wa Ningning angekuja Jumamosi. Fedha hizo zingenunua sarafu za mtandaoni, zile zisizoshikika mkononi, zinazouzwa na kununuliwa kwa simu. Rogel amemwambia bei inapaa. Ndani ya mwezi mmoja tungekuwa na nyati wawili.

Rogel ni kumpare wetu, yaani alimsimamia mwanetu ubatizo. Kwetu Nueva Ecija, Ufilipino, neno la kumpare halikataliwi hivi hivi. Rogel akimkaribisha Dulo chakula, Dulo hula hata kama ameshiba.

"Na mvua zikija, utalima na simu?" nikauliza.

"Tutakodi trekta."

"Kwa sarafu zisizoshikika?"

Sikumweza kwa maneno. Nikamshika mkono, tukaenda kwa jirani yetu Norminda, karani wa kinu cha mpunga. Zamani Norminda alipoteza akiba yake yote katika sarafu hizo hizo. Alilia, akafuta machozi, kisha akaanza kujifunza jinsi soko la sarafu linavyokwenda.

Alitukaribisha wali wa kukaanga na samaki mkavu. Akamgeukia Dulo.

"Kaka Dulo, ukitaka kuuza mpunga, unatazama nini kwanza?"

Dulo akacheka. "Hata mtoto anajua. Natazama malori. Foleni ikiwa ndefu pale kinuni, bei itashuka. Wote wamekuja kuuza."

"Hata kama watu wanapiga kelele kwamba bei inapanda?"

"Kelele hazijazi gunia, dada."

"Basi sarafu nazo zina malori yake."

Akafungua simu. Akatueleza kwamba sarafu hizi huandikwa katika daftari moja kubwa lililo wazi kwa wote. Majina ya watu hayamo, lakini kila sarafu ikihama, daftari linaonyesha. Yeyote anaweza kulisoma.

"Tazama mstari huu," akasema. "Hizi ni sarafu zinazotoka kwenye pochi za watu na kuingia kwenye masoko zinakouzwa. Kwa wiki mbili zimeongezeka sana."

"Malori," Dulo akasema polepole.

"Na hizi zilikuwa zimelala miaka mitano bila kuguswa. Sasa zimeamka."

"Wenye maghala wanafungua milango."

"Umeona! Na mstari wa tatu unalinganisha bei ya leo na bei ambayo watu walinunulia, kwa wastani. Leo ni mara tatu. Wewe ungekuwa na faida hiyo, usingetamani kuuza?"

Dulo alikuna kidevu.

"Kwa hiyo bei itaanguka?" nikauliza.

"Sijui, dada Felisa. Hii si ramli. Alama hizi zinaonyesha hali ya soko tu. Pengine kampuni inahamisha sarafu zake kutoka ghala hili hadi lile, nawe ukadhani watu wanauza. Ndiyo maana sitazami alama moja. Na hata zote zikiwa nzuri, naweka kile tu ambacho nikikipoteza bado nitakula."

Njiani Dulo alisimama ghafla. "Miaka thelathini nahesabu malori," akasema. "Safari hii nimesahau. Sasa nitamwambia nini kumpare?"

"Mwambie ukweli. Mwite naye aje atazame."

Alimwambia. Rogel akamwita mwoga, akakataa kuja. Jumamosi mnunuzi wa nyati aliondoka mikono mitupu.

Wiki tatu baadaye bei ilianguka nusu nzima. Rogel alikuwa ameshauza pikipiki yake ya kubebea abiria, akanunua sarafu. Alikuja kwetu, akakaa mlangoni. Hatukumcheka. Nilimpakulia wali, kisha Dulo akampeleka kwa Norminda, kama mimi nilivyompeleka yeye.

Mwaka huo mvua zilikuwa kubwa. Matrekta yalikwama kwenye matope. Ningning alilima shamba letu, akamaliza, akalima na la Rogel.

Tulipovuna, nilipika wali mtamu wa nazi, nikaufunga kwa majani ya mgomba, tukampelekea Norminda. Nilitaka kumshukuru vizuri. Nikamkumbatia tu. Jirani kama huyo ni baraka, nasema wazi.

Yeye akamtania Dulo. "Kaka, sema kweli. Je, kama bei ingepanda? Si ungeninunia mpaka leo?"

Dulo akamtazama Ningning, aliyekuwa akila majani kando ya njia.

"Ingepanda, dada, ningeona wivu," akasema. "Lakini ningeuona wivu huo nikiwa nimekaa juu ya mgongo wa nyati wangu."