Dereva Aliyekuwa Macho

Mapicha akirudi kutoka shuleni alivua sare, akala kilichobaki jikoni, kisha akaenda kumsaidia mama yake kwenye chumba cha mbele. Mama alikuwa fundi cherehani. Mapicha alimtungia uzi, akafumua mishono ya nguo zilizoletwa kupunguzwa, akafagia vipande vya vitambaa vilivyotapakaa sakafuni. Alifanya kazi upesi upesi huku sikio lake likiwa nje, maana jioni treni ya mizigo ilipita nyuma ya mtaa wao na hakutaka kuikosa.

Mjomba wake, aliyewahi kupiga picha za harusi, alimwachia kamera yake kuukuu alipobadilisha kazi. Mtoto mwingine angepiga picha za maua au za wenzake wakicheka. Mapicha alipiga picha za treni za mizigo, akajulikana kwa jina hilo la Mapicha shule nzima. Treni za abiria hazikumvutia. Zote zinafanana, alisema, lakini ya mizigo huwezi kujua imebeba nini mpaka ipite: matangi ya mafuta, makontena yenye rangi zilizobabuka, magogo yaliyofungwa minyororo, mabehewa ya saruji yaliyojaa vumbi jeupe.

Mwenzake katika mapenzi hayo alikuwa msichana wa darasa lake aliyeitwa Honi. Honi aliweza kuiga mlio wa treni kwa mdomo, tena vizuri kiasi kwamba siku moja mwalimu alikatisha somo akisubiri treni ipite ndipo aendelee. Darasa zima lilivunjika mbavu. Baba yake Honi alikuwa dereva wa treni hizo hizo za mizigo, na ndiye aliyewaruhusu wasichana wale kwenda relini, kwa sharti moja tu. Wasimame nyuma ya nguzo za simu, wasizivuke kamwe.

"Treni yenye mzigo haisimami kama baiskeli," aliwaambia. "Nikimwona mtu mbele yangu, hata nikishika breki papo hapo, bado nitampita. Kwa hiyo msinifanye niwaone hapo mbele."

Walitii. Walikaa nyasini nyuma ya nguzo, Honi akisikiliza, Mapicha akiwa tayari na kamera. Baba Honi akipita aliwapungia mkono bila kugeuza macho kutoka mbele.

Kisha shule ikatangaza maonyesho ya kazi za wanafunzi. Mapicha alizipanga picha zake kitandani, akazitazama moja baada ya nyingine, zikamchosha. Zote zilikuwa za ubavuni. Alitaka picha moja ya treni ikija uso kwa uso, kichwa chake kikijaa picha nzima, reli mbili zikianzia miguuni pa mtazamaji. Picha kama hiyo huipati ukiwa nyuma ya nguzo.

Hakumwambia Honi. Alingoja jioni ambayo Honi alibaki shuleni kwa masomo ya ziada, akaenda peke yake mpaka kwenye kona, mahali ambapo reli inatokea katikati ya kingo mbili za udongo. Akachuchumaa kati ya reli. Alikuwa na hakika kwamba ataisikia treni ikiwa mbali, atabonyeza kamera mara moja, kisha ataruka pembeni.

Upepo ulikuwa ukivuma kuelekea kule treni ilikotoka. Hakusikia kitu. Treni ilichomoza ghafla kwenye kona, kubwa kuliko alivyowahi kuiona, na kidole chake kikabonyeza kabla akili haijafanya kazi. Ndipo honi ya treni ikalia, vyuma vikaanza kusagana na cheche zikaruka chini ya magurudumu. Mapicha alijirusha pembeni, akabingirika mpaka mtaroni, akainuka na kukimbia akipitia nyuma ya maghala. Nyuma yake alisikia mabehewa yakigongana, puu, puu, puu, kama nyumba zinazobomoka kwa zamu. Hakugeuka kutazama.

Mabehewa mawili ya nyuma yaliacha reli. Saruji ilimwagika kwenye tuta zima la reli, na msaidizi wa dereva alirushwa akavunjika mkono. Baba Honi alieleza kwamba alimwona mtoto amechuchumaa relini. Walitafuta, hawakumpata mtoto wala alama ya mtoto. Msaidizi naye alikuwa ameinama kuokota chupa ya chai wakati ule, hivyo hakuona lolote. Wakubwa wa reli wakasema dereva alisinzia, akashtuka, akashika breki bila sababu. Wakamsimamisha kazi mpaka kamati ya uchunguzi ikae.

Mapicha alizisikia habari hizo chumba cha mbele, kutoka kwa wateja wa mama yake. Alijifanya anatafuta kifungo kilichodondoka chini ya meza, akakaa huko chini muda mrefu.

Picha ilikuwepo. Aliifungua kwenye kioo kidogo cha kamera akiwa nyuma ya pazia ambako mama alipimia watu nguo. Ilikuwa picha nzuri kuliko zote alizowahi kupiga. Kichwa cha treni kilijaa, cheche zilikuwa bado hazijaanza, na nyuma ya kioo cha mbele uso wa Baba Honi ulionekana waziwazi, macho yametoka pima, mdomo wazi, mkono umeshafika kwenye breki. Mara kadhaa Mapicha alitaka kuifuta. Kila mara aliitazama tena, akaona jinsi ilivyo nzuri, akaiacha. Na kila mara alijiambia kwamba kesho atasema.

Shuleni mambo yalikuwa mabaya. Honi akipita, wavulana wa darasa la juu walifumba macho na kukoroma. Mmoja alimwuliza kama baba yake huota ndoto za mchana kila siku au siku za kazi tu. Honi aliacha kuiga mlio wa treni. Aliacha hata kunyoosha mkono darasani. Siku moja, wakiwa bombani wakinawa, alimwuliza Mapicha bila kumtazama.

"Siku ile ulienda relini?"

"Sikuenda," alisema Mapicha. "Nilikuwa naumwa kichwa."

"Nilijua," alisema Honi. "Ungekuwepo ungekuwa umeshasema."

Mapicha aliendelea kunawa mikono iliyokwisha kutakata. Hakusema ukweli, kwa sababu sasa alikuwa na makosa mawili ya kueleza badala ya moja.

Siku zikapita. Alasiri moja Baba Honi alikuja kwa fundi na koti lake la kazi mkononi. Mapicha alimwamkia, naye aliitikia kwa sauti ya chini. Alikuwa amekonda. Alimweleza mama kwamba kamati inakaa kesho na koti limekuwa kubwa, akaomba alipunguze ili asionekane ovyo mbele za watu. Mama akampima mabega. Alijaribu kumpa moyo, akasema kila mtu mtaani anajua yeye si mtu wa kulala kazini.

Baba Honi aliitazama mikono yake.

"Mama Mapicha, hata mimi sijui tena," alisema. "Mwanzo nilikuwa na uhakika. Lakini mtu ukiambiwa kila siku kwamba hukuona, unaanza kujiuliza. Labda ni kweli nilisinzia. Nafikiri kesho nitakubali tu, yaishe."

Mapicha alikuwa hatua mbili kutoka kwake, sindano mkononi. Angeweza kusema pale pale. Badala yake akaanza kutunga uzi. Baba Honi akaaga, akaondoka.

Mama akakaa kwenye cherehani, akamwambia ashike upande wa pili wa koti lisikunjamane. Mapicha alilishika. Lilikuwa na harufu ya dizeli na sabuni. Akaanza kulia, machozi yakadondokea kitambaa, na mama akamwuliza kuna nini. Alikwenda nyuma ya pazia, akarudi na kamera, akaiwasha, akamwekea mama mbele yake.

Mama aliitazama picha ile. Aliondoa mguu kwenye cherehani. Mapicha alisubiri kofi, na kwa kweli alilitamani, maana kofi lingemaliza kitu. Halikuja.

"Ulikuwa nayo muda wote huu?" mama aliuliza.

"Ndiyo, mama."

"Na alipokuwa amesimama hapa sasa hivi?"

Mama alichukua ufunguo, akafunga mlango kazi ikiwa mezani, jambo ambalo Mapicha hakuwahi kumwona akilifanya. Wakashika njia ya kwa kina Honi.

Walimkuta Baba Honi sebuleni na Honi pembeni yake akifanya mazoezi ya hesabu. Mama alikataa kukaa. Alimsukuma binti yake mbele, akasema ana neno lake na atalisema mwenyewe. Mapicha akasema yote, tangu maonyesho hadi mtaroni. Kisha akampa Baba Honi kamera.

Baba Honi aliisogeza karibu na dirisha apate mwanga. Alitazama uso wake mwenyewe nyuma ya kioo, yale macho, ule mkono kwenye breki. Alitazama mpaka kioo cha kamera kikazimika, akabonyeza kikawaka tena.

"Kumbe nilikuwa macho," alisema polepole, kama anayejiambia mwenyewe. Akakaa chini na kufunika uso kwa mikono.

Honi aliichukua kamera, akaiona picha, akairudisha mezani taratibu. "Ulisema ulikuwa unaumwa kichwa," alimwambia Mapicha. Akakusanya madaftari yake na kuingia chumbani.

Kesho yake Mapicha alisimama mbele ya kamati, mama yake akiwa nyuma yake. Alieleza bila kuficha, na picha ikapitishwa mkono kwa mkono. Mwenyekiti alimkaripia vikali, akamwambia kuwa kupona kwake ni bahati tu na kwamba msaidizi wa dereva bado ana plasta mkononi. Baba Honi akasafishwa jina, akarudishiwa kazi yake. Shuleni, mwalimu mkuu alimwondoa Mapicha kwenye maonyesho na kumtaka aseme ukweli mbele ya wanafunzi wote. Alisema. Wale waliokuwa wakikoroma walitazama chini.

Watu waliona mambo yameisha. Lakini Baba Honi alirudi kwenye treni kwa muda mfupi tu, kisha akaomba mwenyewe apelekwe karakana, kule zinakotengenezwa injini. Habari hiyo ilipomfikia, Mapicha hakuelewa. Akamwomba mama amruhusu kwenda kumwuliza.

Alimkuta nje ya karakana akifuta grisi mikononi kwa tambara. Alimwamkia, akamwuliza kwa nini ameacha kuendesha ilhali kila mtu anajua hakuwa na kosa.

Baba Honi alimwonyesha boksi la mbao, akakaa, naye akakaa kwenye jingine.

"Nikifika kwenye kona, naona mtoto," alisema. "Ni kichaka, ni kivuli, lakini mimi naona mtoto. Halafu nikiona kitu cha kweli, najiuliza kama kweli kipo. Dereva asiyeamini macho yake hafai kupewa treni. Nimewaambia hivyo kabla sijaumiza mtu."

Mapicha aliinamisha kichwa. Alisema ni yeye aliyesababisha yote kwa kuvuka nguzo.

"Sikiliza, binti yangu," alisema Baba Honi, si kwa ukali. "Kuvuka nguzo lilikuwa kosa kubwa, lingekuua. Lakini hilo lilikuwa kosa la mara moja, na mtoto hukosea. Ungekuja jioni ileile ukasema, ningekugombeza, ningekurudisha kwa mama yako, na kesho yake ningepanda treni nikiwa yule yule. Kilichoniondoa pale ni kunyamaza kwako. Wewe ulidhani umekaa tu, hufanyi kitu. Kumbe kila siku uliyonyamaza, kuna mtu aliamka asubuhi akijiona mwongo au mwendawazimu, na mwanangu akachekwa njiani. Ukikosea tena, na utakosea, sema siku hiyohiyo, hata kama unatetemeka. Ukweli wako ulinirudishia jina, nakushukuru. Haukuweza kurudisha yote, kwa sababu ulichelewa."

Mapicha alisema ameelewa. Kisha aliuliza kama Honi atamsamehe.

"Hilo siwezi kujibu kwa niaba yake. Kamwulize. Akikataa, usimlaumu, wala usimsumbue."

Alimkuta Honi uani kwao akianika nguo. Mapicha alisimama mlangoni, akamwomba radhi kwa uongo wa bombani, kwa kukaa kimya, kwa kumwacha achekwe peke yake. Hakujitetea. Honi alimaliza kubana shati la baba yake kwenye kamba, akalinyoosha kola kwa vidole.

"Bado," alisema.

Mapicha akaitikia kwa kichwa, akarudi nyumbani.