Upande wa Kitabu Waingia Giza

Kila alasiri, akitoka chuo cha Kurani, Koulsoum alifagia chumba cha uchapaji cha mjomba wake Athoumani, mtaani Mahabibo, mjini Mahajanga. Kisha aliruhusiwa kuwasha kompyuta. Mashine hiyo ilikuwa na pande mbili, na kila ilipowashwa iliuliza ifungue upi. Upande wa masomo ulikuwa wa watoto. Upande wa kitabu ulikuwa wa maandishi ya dini tu; huko haikuruhusiwa kupigwa ngoma.

Wiki hiyo upande wa kitabu ulikuwa umeingia giza. Mjomba alibadilisha waya, lakini wapi! Leo alikuwa amepakia kioo cha kompyuta, kizito kama gunia la mchele, katika posiposi, kigari cha kuvutwa na mtu, akakivuta mwenyewe hadi kwa fundi. Fundi alisema ni kizima. Mjomba akakirudisha juani, shati limemganda mgongoni.

Bibi yake Koulsoum, Koko Zalifa, mama wa mjomba, alikuwa amekuja kutoka Marodoka, kule Nosy Be, kuchukua vitabu vya Maulidi. Safari yake ya kurudi ilikuwa kesho asubuhi.

"Bado tu, Athoumani?"

"Bado, mama."

"Labda imefunga saumu," alisema Fazul, binamu yake Koulsoum.

"Ungefunga wewe huo mdomo," alijibu Koko.

Mjomba aliwasha tena. "Tazameni. Orodha ya pande mbili inaonekana. Upande wa masomo unaonekana. Kioo hakina kosa. Ubaya umo ndani ya upande wa kitabu. Nimechoka. Nitaufuta wote niuweke upya."

"Na Maulidi uliyoyaandika miezi yote hii?"

"Yatapotea. Utarudi mikono mitupu, mama. Nisamehe."

Koulsoum aliukaza mkono wake kwenye ufagio.

"Mjomba, usifute! Ni mimi. Niliingia huko kutazama video ya arusi ya dada Ansoifa, maana upande wa masomo haufungui video. Picha ilikuwa ndogo, nikapandisha kipimo cha picha cha kioo hadi mwisho, nikidhani itakua. Kioo kikashindwa, kikazima. Niliona haya kusema, kwa sababu ya zile ngoma za arusi."

Mjomba alirudi kitini. Aliiwasha mashine upya, akachagua njia ya usalama, ile inayotumia kipimo cha chini kabisa. Herufi zilitokea kubwa na mbaya, lakini zilisomeka. Akarudisha kipimo cha zamani, akazima, akawasha. Ukurasa wa kwanza wa Maulidi ukajitokeza, safi. Akaiamuru mashine ianze kuchapa kurasa.

Koko aliushika mkono wa Koulsoum, akauweka juu ya shati la mjomba. Lilikuwa bado bichi.

"Umelisikia jasho hili? Kwa ngoma zile angekukemea siku moja, yakaisha. Kilichomtembeza juani ni kunyamaza kwako. Ukiharibu kitu, sema mapema, ili anayekitengeneza ajue pa kuanzia."

"Nimesikia, Koko."

"Basi keti ukunje kurasa."

Mjomba alikuwa amekwisha kusinzia kwenye kiti. Koulsoum alikunja kurasa polepole, zisifanye kelele.