Mzigo wa Stoo ya Zamani

Bertila ni mtoto wa dada yangu aliyeolewa Urambo. Alipochaguliwa kusoma chuo kikuu hapa Tabora ukoo mzima ulifurahi, na mimi nilifurahi kuliko wote, maana ningekuwa naye karibu. Chuo chenyewe kiko nje kidogo ya mji, kwenye ardhi iliyopitiwa zamani na misafara ya pembe za ndovu ikielekea pwani. Alikaa hosteli, chumba kimoja na binti wa Nzega aitwaye Hafsa. Jumapili baada ya ibada alikuja kwangu Isevya, tukala, nikamsuka, tukacheka mpaka jioni.

Mwaka wa pili mambo yakabana. Mvua ya mawe iliipiga tumbaku ya baba yake ikiwa bado shambani, na mkopo wa chuo haukutosha. Dada alinipigia simu akilia kwamba huenda mtoto akarudi nyumbani kuolewa. Bertila hakulia. Alisema tu, "Mama mdogo, nitatafuta kazi palepale chuoni."

Akaitafuta. Kantini walimwambia wameshajaa. Chumba cha kompyuta kilikuwa na wenyewe. Ofisi ya washauri wa wanafunzi walimwambia asubiri, akasubiri hadi akachoka. Mwishowe akaingia maktaba kwa Madam Recheli, msimamizi, mama mmoja mpole anayeongea taratibu.

"Kuna vitabu viko stoo ya zamani, vinatakiwa kuhamia maktaba mpya," Madam Recheli alimwambia. "Ila kila ninayemchukua anaacha. Wewe utaweza kubeba?"

"Madam, mimi nimekulia kwenye tumbaku. Kubeba naweza."

"Basi njoo kesho ukitoka darasani."

Jioni hiyo alinipigia simu kwa furaha. Nilimshukuru Mungu. Sikuuliza kwa nini wale wengine waliacha.

Stoo hiyo ilikuwepo kabla ya chuo. Ni nyumba ya udongo yenye kuta nene na dirisha moja dogo. Wajenzi waliiezeka bati jipya wakaiacha hivyo. Bertila alifika adhuhuri, jua likiwa utosini. Mlangoni alimkuta kijana anayeitwa Sixbert, mwanafunzi wa mwaka wa tatu, ambaye naye alikuwa kwenye kazi hiyo. Alikuwa amesimama na boksi begani, shingo imepinda, jasho linamchuruzika hadi kidevuni.

"Dada," alimwambia kwa sauti ya chini, "nitue."

Ni neno la kawaida. Mtu mwenye mzigo akikuambia umtue, humwachi asimame nao. Bertila alinyoosha mikono. "Lete."

Akalipokea boksi. Lilikuwa jepesi. Ndani mlikuwa na karatasi chache tu za kufungia vitabu.

Lakini Sixbert alishusha pumzi kama mtu aliyetembea kutwa nzima. Akainyoosha shingo. Akaligusa bega lake, akaligusa tena, kisha akaondoka haraka bila kuaga. Kesho yake hakuja kazini, wala siku zilizofuata.

Bertila alifanya kazi peke yake. Alibeba vitabu kwa mafungu, akivuka uwanja kutoka stoo hadi maktaba. Siku ya kwanza alihisi bega la kushoto limekuwa zito, akadhani ni uchovu. Ya pili akabadilisha bega. Uzito nao ukahama. Aliniambia baadaye kwamba alikuwa akivitua vitabu juu ya meza ya maktaba, anarudi stoo mikono mitupu, na bado anatembea kama aliyebeba.

Jumapili aliyokuja kwangu nilimwona amekonda. Kwenye ibada hakuegemea kiti. Nilipotaka kumsuka, alikataa nisikae nyuma yake.

"Kwa nini?" nikamuuliza.

"Hapana nafasi," akasema.

Nilimpeleka zahanati. Muuguzi alimpima joto na presha, vyote viko sawa. Akamwambia apande kwenye mzani. Aliuangalia mshale, akamwangalia Bertila, akamwambia ashuke apande tena.

"Una mwili mdogo, binti," alisema. "Hizi kilo zinatoka wapi?"

Tulipewa dawa za maumivu tukarudi nyumbani. Njiani Bertila alinishika mkono, akanisogelea sikioni. "Mama mdogo, huu mzigo unapumua."

Nikaongeza mwendo.

Wiki iliyofuata alimtafuta Sixbert. Alimkuta nje ya ukumbi wa mihadhara akicheka na wenzake, amenyooka kama mwanajeshi. Alipomwona Bertila kicheko kilikatika. Akamvuta pembeni.

"Nisamehe," alinong'ona. "Na mimi nilipewa hivyohivyo."

"Nini hiki, Sixbert?"

"Sijui. Mwambie mtu akutue. Mtu yeyote. Akisema 'lete' tu, umepona. Tafuta wa mwaka wa kwanza, hawajui kitu."

Siku hiyohiyo Bertila alirudi chumbani akiburura miguu. Hafsa alikuwa kitandani anasoma. Alimwona mwenzake ameshikilia ukuta, akainuka na kumnyooshea mikono yote miwili. "Jamani, Bertila, umebeba nini? Sema nikutue."

Neno lilikuwa mdomoni. Bertila anasema alilihisi kwenye ulimi kama tembe ya dawa. Angelitamka tu, kazi angebaki nayo, shule angebaki nayo, na usiku angelala chali. Alimtazama Hafsa, binti aliyekuwa akimwekea chakula akichelewa. Akaufunga mdomo. Akachukua mkoba wake, akaja kwangu.

Aliposimama mlangoni ndipo niliposikia kwa mara ya kwanza. Alikuwa hajasema kitu. Midomo yake ilikuwa imefungwa. Sauti ilitoka nyuma ya shingo yake, nyembamba, ya mtoto anayeamka.

"Mayu."

Hilo ni neno letu Wanyamwezi la kumwita mama.

Nilitaka kukimbia. Nasema kweli. Lakini huyu ni mtoto wa dada yangu, na mlango ulikuwa mmoja na yeye ndiye aliyesimama pale. Nikamkaribisha ndani. Nikamwita mchungaji, akaja asubuhi na wazee wa kanisa, wakaomba kwa bidii. Bertila aliitika amina zote. Wakati wa wimbo nilimwona akiinamisha kichwa upande, kama mtu anayevutwa nywele na kiganja kidogo.

Walipoondoka aliingia jirani yangu, Bi Mwanahawa, anayeuza asali. Ukoo wake ni wa zamani hapa mjini, tangu babu wa babu zake.

"Shikamoo, Bi Mwanahawa."

"Marahaba, mwanangu. Nimesikia mgonjwa." Alisimama kumtazama Bertila aliyekuwa karibu na dirisha. Akamtazama kwa muda mrefu. Kisha akaniuliza polepole, "Huyu binti anambembeleza nani?"

Nikaangalia. Bertila alikuwa akiyumba. Kushoto, kulia. Kushoto, kulia. Goti linajikunja kidogo, mkono mmoja umepelekwa nyuma, kiganja wazi, kinapigapiga hewa. Mwenyewe hakujua.

Bi Mwanahawa aliketi chini. Alisema bibi yake alikuwa akisimulia habari ya mwanamke mmoja wa msafarani, Mnyamwezi, aliyefungwa kamba pamoja na wenzake, pembe ya ndovu kichwani na mtoto mgongoni. Miguu ikamshinda. Waliomsimamia wakamwambia achague kimoja, na wakamchagulia wenyewe. Mtoto akawekwa chini kando ya banda la kutua mizigo. Msafara ukaendelea, mama akigeuza kichwa kila hatua.

"Banda gani?" nikauliza.

"Sikuwahi kuambiwa ni lipi."

Bertila aliacha kuyumba. "Wamekuwa wakimbeba begani," alisema. "Wote. Kama boksi."

Hakuna aliyetufundisha la kufanya. Nilifungua sanduku nikatoa kanga mpya ambayo sikuwahi kuivaa. Nikamwambia Bertila ainame. Akainama, kama mwanamke yeyote anayebebeshwa mtoto. Nikaitandaza kanga mgongoni mwake, nikazipitisha ncha mbele akazifunga kifuani. Kanga haikulala bapa. Ilitoka kwa nyuma, ikajaa. Nilipolisawazisha pindo la chini, vidole vyangu viligusa unyayo. Ulikuwa na baridi.

Tukatoka mchana kweupe. Tulifika chuoni, tukapita kando ya stoo, tukashika njia ya vumbi ielekeayo mashariki, ulikokwenda msafara wa yule mama. Waendesha baiskeli waliobeba mkaa walitupita. Mmoja wao, mzee, alipunguza mwendo akatabasamu. "Amelala, huyo," alisema, akaendelea.

Bertila akasimama. Nami nikasimama. Hatukutazamana.

Kadiri tulivyokwenda ndivyo alivyozidi kulemewa. Mwanzoni alitembea. Kisha akajikokota. Magoti yakawa yanagusana. Niliogopa kumshika. Miti ya miombo ilitufunika pande zote, na ndege walikuwa wamenyamaza. Ile sauti ikaanza tena. Mayu. Mayu. Sasa haikuwa ya kulia. Ilikuwa ya mtoto aliyemwona mtu mbele.

Mbele hapakuwa na mtu.

Palikuwa na korongo kavu, dogo, njia inashuka na kupanda. Bertila alishuka. Katikati ya korongo alipiga magoti, akaweka mikono chini. Nikaona kanga inatikisika kwa nguvu. Halafu ikalegea. Ikabaki inaning'inia mgongoni mwake, tupu, fundo likiwa bado limefungwa kifuani. Mchanga wa korongo haukuwa na alama yoyote ila za nyayo na magoti yetu, maana na mimi nilikuwa nimeshaanguka.

Hapakuwa mbali na chuo. Nilifikiri njia nzima ya kurudi kwamba huenda yule mama naye hakufika mbali.

Bertila alilala kutwa na usiku kucha, chali. Alipoamka alikula ugali wa watu wawili. Kazi ya stoo aliacha. Nilikwenda mwenyewe kwa Madam Recheli nikamweleza yote, bila kuficha. Alinisikiliza kwa adabu, akatikisa kichwa kwa huruma. "Pole sana, mama," alisema. "Lakini vitabu lazima vihame." Muhula uliofuata kantini ilipata nafasi, Bertila akaingia huko kuosha vyombo na baadaye kuuza chai. Anasoma. Bega la kushoto limebaki chini kidogo kuliko la kulia.

Ile kanga niliichukua kuifua. Nilipoikunjua nilikuta pindo moja, upande uliokuwa juu karibu na shingo, limelowa na kukunjamana. Limetafunwa. Nimelea watoto, najua jinsi mtoto anayeota meno anavyotafuna mbeleko. Palikuwa na alama ndogondogo kwenye kitambaa, meno mawili juu, mawili chini.

Sikuifua. Niliikunja nikaifungia sandukuni, na ufunguo nalala nao.

Juzi nilifungua kutafuta shuka. Pindo la pili limeanza kutafunwa. Lilikuwa bado na unyevu.