Kizibo cha Tangi

Kila asubuhi, kabla ya kwenda shuleni, Nsimire alikuwa na kazi moja ambayo hakuna mtu mwingine aliyeifanya nyumbani kwao Nguba. Alishika faneli juu ya tangi la kamyo, lori la baba yake, akatandika kitambaa safi ndani yake, na shofa aliyeliendesha, waliyemwita tonton Cirhuza kwa heshima, akamimina esanse, yaani petroli, polepole kutoka kwenye bidoni. Kitambaa kilizuia mchanga na kutu. Wakimaliza, Nsimire alifunga kifuniko cha tangi, akanawa mikono kwa sabuni, akachukua madaftari yake.

Mwaka huo, 1976, kamyo lilikuwa na miaka ishirini na minne, mara mbili ya umri wa Nsimire. Mushagalusa, baba yake, alilinunua kwa mzungu mwenye shamba la chai aliyekuwa akiondoka. Lilikuwa zee, lakini kila siku lilikwenda Nyangezi na kurudi na matofali.

Jumatatu moja, Nsimire aliweka kifuniko kwenye ngazi ya mlango wa kamyo. Kilianguka, kikabiringika kwenye mteremko hadi mtaroni, na maji ya mvua ya usiku yakakichukua kuelekea ziwani. Cirhuza alikuwa ndani akinywa chai. Hakuna aliyeona.

Nsimire alijua la kufanya. Mama yake aliuza mawese, na bidoni za mawese zilifika kutoka Shabunda zikiwa zimezibwa kwa mti laini uliochongwa na kuvishwa mpira wa ndani ya tairi. Kizibo kizuri hakipitishi hata tone moja, hata bidoni ikilala chali safari nzima. Nsimire alikuwa hodari wa kuviweka kuliko kaka zake. Alichagua kikubwa kabisa kwenye kapu la mama, akakiongezea mpira, akakigonga kwa ngumi mpaka kikakaza.

Cirhuza alipokiona aliuliza kifuniko kiko wapi.

“Papa amekitoa,” alisema Nsimire. “Anasema kinaita wezi wa esanse.”

Cirhuza aliinua mabega. Neno la patron, mwenye gari, halijadiliwi. Akapanda, akaondoka.

Siku hiyo hiyo, kwenye mlima baada ya Panzi, injini ilikohoa mara mbili ikazimika. Cirhuza alisubiri karibu nusu saa, ikawaka. Baada ya kilomita chache ikazimika tena. Alirudi jioni na nusu ya matofali, shati limelowa jasho.

Jumanne akaja Papa Aloys, fundi. Kitambulisho chake kilikuwa na jina jingine, la Kiafrika, kama serikali ya wakati huo ilivyotaka, lakini mtaa mzima ulimwita Aloys. Alikuwa mtu wa maneno machache. Alifungua chujio, akapuliza bomba la esanse kwa mdomo, akatema, akauliza, “Ni kitu gani kilibadilishwa kabla ya ugonjwa huu?”

“Hakuna,” alisema Mushagalusa.

“Kwenye injini, hakuna,” alisema Cirhuza.

Nsimire alikuwa karibu, ameshika sanduku la funguo za fundi. Alijiambia kwamba kizibo si injini, tena kilikaza kuliko kifuniko cha zamani. Akanyamaza.

Uani kamyo liliunguruma vizuri. Mlimani likazimika. Jumatano Papa Aloys alifungua kabureta, akasafisha kila tundu kwa unyoya wa kuku. Lilizimika palepale. Alhamisi alibadilisha ngozi ya pampu inayovuta esanse kutoka tangini. Likazimika hata kabla ya kufika mahali pa jana. Kila siku aliuliza swali lake lilelile, na kila siku alipata jibu lilelile. Watoto wa Panzi, waliozoea kulisukuma, walikuwa wameshalipatia jina: Malade, yaani mgonjwa.

Jambo lililomkasirisha zaidi Mushagalusa ni kwamba hakuona mantiki yoyote. Akitia esanse kidogo, kamyo lilifika mbali. Akijaza tangi, lilizimika karibu. “Kamyo gani hili?” alilalamika. “Linashiba halafu linalala.”

Waashi waliosubiri matofali walituma ujumbe mara mbili, na wa pili haukuwa na adabu. Ijumaa, wakati wa kula, Mushagalusa alitoa uamuzi. Fundi alikuwa amegusa kila kitu, kwa hiyo ubaya ulikuwa kwenye esanse yenyewe. Bila shaka shofa anauza nyingine na kujazia maji. Kesho watapanda mlima wote pamoja. Kamyo likizimika, Cirhuza atarudisha ufunguo. Maman Euphrasie alimkumbusha mumewe kwamba mtu huyo amewaendeshea gari miaka saba na hajawahi kupoteza hata tofali. Mushagalusa aliendelea kula. Nsimire alibonyeza bugali kwa vidole, akaurudisha kwenye sahani.

Jumamosi waliondoka wanne: Cirhuza kwenye usukani, Papa Aloys na Mushagalusa kando yake, Nsimire nyuma na bidoni ya akiba. Tangi lilikuwa limejaa. Hawakufika hata katikati ya mlima.

Injini ikanyamaza. Cirhuza aliweka jiwe nyuma ya gurudumu, akachukua kijiti, akang’oa kizibo ili kupima. Tangi likavuta hewa kwa sauti ndefu: fyuuu.

“Iko esanse, patron,” alisema, akionyesha kijiti kilicholowa. “Angalia. Nusa. Maji iko wapi?”

Papa Aloys alikuwa ameshashuka. Alipapasa ubavu wa tangi, akakuta umebonyea kidogo kwa ndani. Akachukua kizibo, akakigeuzageuza.

“Hiki kimetoka wapi?”

“Kwa shofa wangu,” alisema Mushagalusa.

“Kwangu?” Cirhuza alimtazama. “Ni wewe ulitoa kifuniko, patron, kwa sababu ya wezi.”

“Mimi? Sasa unaongeza na uongo.” Mushagalusa akanyoosha mkono. “Lete ufunguo.”

Cirhuza aliutoa mfukoni taratibu. Alikuwa ameupokea tangu Nsimire hajaanza shule.

“Papa, usiuchukue,” alisema Nsimire kutoka juu. Sauti yake ilikuwa ndogo, akalazimika kurudia. Kisha akasema yote kwa mpangilio: ngazi, mtaro, kapu la mama, uongo aliomwambia tonton Cirhuza. Hakujitetea.

Papa Aloys alimpa chupa yake ya maji iliyojaa. “Nyonya. Usitoe mdomo.”

Nsimire alinyonya. Maji yalikuja kidogo, kisha yakagoma, na midomo yake ikavutwa ndani ya chupa.

“Pampu ni mdomo wako,” alisema fundi. “Esanse ikitoka, lazima hewa iingie mahali pake. Kifuniko cha zamani kilikuwa na tundu dogo. Chako hakina. Tangi likijaa, hewa ya ndani ni kidogo, ndiyo maana injini inazimika mapema.”

Alitoboa kizibo kwa msumari mrefu, taratibu, mti usipasuke, akafunga kitambaa juu ya tundu kuzuia vumbi. Injini ikawaka. Waliumaliza mlima, wakafika Nyangezi, wakapakia matofali, wakarudi bila kusimama hata mara moja.

Uani, Mushagalusa alimwambia Cirhuza mbele ya watu wote kwamba alimkosea, na kwamba hatamtuhumu tena mtu bila ushahidi. Kisha akamgeukia binti yake, lakini Papa Aloys aliomba aseme yeye kwanza.

“Kifuniko kuanguka ni ajali,” alisema. “Niliuliza mara tatu. Ulijua, ukanyamaza, kwa sababu uliamua mwenyewe kwamba jambo lako ni dogo. Siku tano zimepotea, na mtu asiye na kosa alikaribia kukosa kazi. Ukiulizwa, sema ulichofanya, hata kama unaona hakihusiani. Kupima kama kinahusiana ni kazi ya fundi.”

“Ndiyo, Papa Aloys.”

Nsimire akaenda kwa Cirhuza, akamwomba msamaha akimtazama usoni. Cirhuza alisema amesikia.

Jumatatu asubuhi Cirhuza aliiweka bidoni chini, akampa Nsimire faneli na kitambaa kama kawaida. Tangi lilipojaa, alikiinua kizibo kwenye mwanga, akafunua kitambaa chake, akachungulia tunduni kwa jicho moja, akampa.

“Angalia na wewe,” alisema. “Halafu ufunge.”