Kimball Aling'oa Tepe Zote Mbele Yangu

Nilimwona kwa macho yangu. Kimball Nakagawa, rafiki yangu wa kufa na kuzikana, anang'oa tepe za kuonyesha njia ya mbio... na mimi bado nakimbia.

Nilikuwa juu ya mgongo wa korongo, mapafu yanawaka. Yeye alikuwa chini, kwenye njia ya ukingoni, bahari nyuma yake. Anang'oa utepe mmoja, anaukunja, anasogea kwenye mwingine. Taratibu, kama mtu anayeanua nguo.

Akainua kichwa, akaniona. Akapunga fungu zima la tepe hewani.

Jamani. Ananionyesha kabisa.

Ngoja mjue uzito wa jambo hili. Naitwa Evaristo. Marafiki wananiita Varo, mwalimu wa nidhamu ananiita mengine. Shule yetu ya bweni iko pwani ya Kalifornia, na nyuma ya jiko kuna korongo lenye njia fupi ya mzunguko. Unapanda na kijito, unavuka mgongo, unashuka hadi ukingo wa jabali juu ya bahari, unarudi ulikoanzia.

Siku hiyo ilikuwa mchujo. Timu imebakiza nafasi moja. Tunakimbia mmoja mmoja, Kocha Halvorsen ameshika saa. Mimi nimetangulia, na anayefuata ni Kimball.

Sasa wewe msomaji mwenye akili timamu, ungefikiri nini?

Hicho hicho ndicho nilichofikiri.

Wakimbiaji wa njia za porini tuna amri moja, tunaimbishwa kabla hata ya kujifunza kufunga kamba za viatu. Usipoona utepe, simama. Rudi kwenye wa mwisho uliouona. Usijifanye mwenyeji.

Mimi nikajifanya mwenyeji. Korongo lile nimelitumia zaidi kutoroka bweni kuliko kukimbia mbio. Nikaona kuhangaika na tepe ni kupoteza muda, na muda wangu ndio anaoutaka yule mwizi. Nikaiacha njia, nikakata kichakani, katikati ya ule mmea wetu unaowasha kuliko upupu, nikaibukia kwenye njia ya ukingoni, mbele ya pale alipokuwa.

Nikafungua mbio. Nilikuwa nacheka.

Kisha ardhi ikaondoka.

Sikujikwaa. Njia yenyewe ilikatika chini yangu kama kipande cha mkate, tukashuka pamoja, mimi na udongo na vichaka. Nikanasa kwenye kibaraza cha mchanga mgumu, kipana kama dawati. Juu yangu, ukuta wa urefu wa mtu na nusu. Chini yangu, hewa, halafu mawimbi.

Nikashika ukuta. Ukabaki mkononi kama unga.

Nikaita. Bahari ikameza sauti yangu.

Nikaita tena... Kipande cha kibaraza kikadondoka karibu na kisigino changu. Sikukisikia kikifika chini.

Hapo ndipo nilipoanza kuandaa wosia. Kinanda changu apewe dada yangu. Godoro langu lichomwe, ushahidi ni mwingi mno. Mama aambiwe nilikufa nikisoma. Nikataka kucheka, nikakuta nalia, mdomo umejaa mchanga. Nikamwita Mama. Yuko Fresno, anapanga mboga sokoni, hajui mwanawe amesimama juu ya dawati la mchanga.

Kibaraza kikapungua tena. Sasa nilisimama kwa vidole.

"Varo?"

Uso wa Kimball ukachungulia juu, amelala kifudifudi.

"Mwizi mkubwa wewe," nikamwambia. "Umefurahi?"

"Usisogee. Na usiongee. Najua la pili ni gumu kwako."

"Umeniua, Kimball."

"Nyamaza, bwege. Shika hiki."

Ikashuka jaketi yake. Mkono mmoja wa jaketi alikuwa ameufunga kwenye shina la kichaka, mwingine ukaning'inia usawa wa pua yangu.

"Kichaka kitang'oka," nikasema.

"Kitang'oka ukiendelea kukihutubia. Chimba ukuta kwa kiatu. Chimba, kanyaga, panda. Usiuvute mkono, uegemee tu."

"Siwezi."

"Basi nakuja huko tufe wawili. Unataka kulala na mimi milele? Wewe unakoroma."

Nikachimba. Nikakanyaga. Kanyagio la kwanza likavunjika, nikaning'inia kwa mkono mmoja, nikasikia mshono wa jaketi ukiachia...

Akanishika kola.

Tukatambaa hadi kwenye nyasi. Viganja vyake vilikuwa vinavuja damu.

"Nilikuwa napasha mwili," akasema. "Nikapita kinyume, kuanzia mwisho wa mzunguko. Nikaona njia ya ukingoni ina ufa, mrefu, unapumua kabisa. Nikang'oa tepe zote mtu asipite. Nikapanda hadi utepe wa mwisho uliobaki, nikakusubiri pale. Kila mkimbiaji angekuja pale."

Mimi sikuja pale.

"Nilikupungia," akasema. "Niliita sana. Upepo tu."

"Kimball... na zamu yako?"

Akatazama chini kwenye kijito, mbio zinakoanzia. Kengele ya Kocha ya kumwita mstarini ilikuwa imeshalia kitambo. Asiyefika mstarini kwa zamu yake ameondolewa, na ndivyo ilivyokuwa. Mimi niliyeiacha njia nimeondolewa pia. Nafasi amepewa Prescott, aliyekuwa wa tatu, aliyekimbizwa kwa njia ya ndani mbali na ukingo, na ambaye hukimbia kama amebeba sufuria ya supu ya moto. Nilikwenda kumlilia Kocha amrudishe Kimball, kwa magoti yaliyochubuka. Akasema anasikitika, majina yameshapelekwa.

Usiku, bwenini, Kimball alilala kitanda cha chini, mimi cha juu.

"Nafasi haijaniuma," Kimball akasema gizani. "Uliponiona pale na tepe, ulifikiri nini?"

Nimewahi kumdanganya mkuu wa shule akiwa ananitazama usoni. Usiku ule sikuweza.

"Nilifikiri unanihujumu."

"Haraka hivyo?"

"Haraka hivyo."

Akageukia ukutani.

Wasomaji wangu, funzo ni hili, na sitanii. Ukimwona rafiki yako anafanya jambo usilolielewa, mpe muda ule ule ambao ungempa mgeni. Mimi Kimball sikumpa hata pumzi moja.

Leo asubuhi amenisalimia. "Habari," basi. Nimeishikilia kama ule mkono wa jaketi.